Bado Mmoja, Tunaondoka

Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nakula lifti. Mwalimu mwenzangu ana Vitz, tunachangia mafuta watu watatu, na kwa miezi minne nikasahau kabisa harufu ya stendi ya alfajiri. Jumapili jioni akanipigia simu: gia boksi imekufa, kifaa kinatoka Dar, fundi kasema tuhesabu wiki nzima.

Naishi Mafinga. Nafundisha shule ya msingi upande wa Nyololo, ndani kidogo ukiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma. Watu hupenda kuniuliza kwa nini nisihamie huko huko. Nyumba za walimu ni mbili, walimu tuko tisa; mume wangu yuko kwenye mbao hapa mjini; mtoto anasoma hapa. Nadhani nimejibu. Wiki hii nimeamua kuandika kila siku kabla sijalala, maana lifti ikirudi nitasahau tena.

JUMATATU

Saa 10:40 alfajiri niko macho. Julai ya huku haina mchezo. Maji ya kunawa yanauma mpaka kwenye mifupa ya vidole, na nje nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Mtaani hawaiiti sakitu, wanasema barafu imeanguka. Nikavaa sweta mbili, koti, na kitenge juu yake. Viatu vya kazini nikaviweka kwenye mfuko, miguuni raba na soksi za mume wangu.

Saa 11:15 nipo stendi. Haisi ya Nyololo ipo, taa za ndani zinawaka, injini inaunguruma. Suka anaisogeza mbele hatua mbili, anairudisha nyuma hatua mbili, kama mtu anayetaka kuondoka ila ameshikwa koti.

"Madam, ingia! Bado mmoja tunaondoka!"

Nikachungulia. Kweli, imejaa, imebaki siti moja kule nyuma. Nikaingia nikijipongeza kwamba huyo mmoja ndiye mimi. Baada ya dakika tano kijana mwenye mzula wa kijani na nyekundu akamwambia konda anafuata vocha. Akashuka. Mwingine akaenda kujisaidia. Wawili wa siti ya mbele wakaitwa na mtu nisiyemwona. Hakuna aliyerudi. Saa 11:40 haisi iliyokuwa imejaa ilikuwa na nafasi nne, na konda nje bado anaimba bado mmoja, sauti ile ile, bila aibu.

Tuliondoka saa 12:10. Kabla ya hapo akaingia mzee na fimbo yake, konda akanigeukia: "Madam, naomba uhamie kwenye kibao, mzee akae vizuri." Nani atakataa? Nikamwamkia mzee, nikampisha.

Kwa asiyejua kibao: ni ubao unaolazwa kati ya siti na siti, pale penye njia ya kupita, ukabeba watu ambao kisheria hawamo kwenye gari. Mafinga ni mji wa mbao, kwa hiyo vibao vyetu havina shida ya malighafi. Hiki cha leo kilikuwa paini mpya kabisa, inchi moja kwa nane, bado cheupe, kikiwa na jicho moja la fundo katikati. Nilipokaa kilikuwa kikavu na baridi kama jiwe. Baada ya nusu saa ya watu ishirini kupumuliana, madirisha yote yamefungwa, kikapata joto. Lile fundo likaanza kulia utomvu.

Sikujua. Nilichojua ni kwamba gari lililotoka mbele liliwasha taa mara mbili, suka akapunguza mwendo na konda akasema kwa upole, "Wa kibao, tuchuchumae." Vibao vikavutwa chini ya siti. Sisi wa katikati tukainama kama tunatafuta hela iliyoanguka. Nilipoinama nikasikia sketi inabanduka kutoka kwenye ubao, trrr, kama plasta. Trafiki walikuwa upande wa pili wamemsimamisha mwingine. Tukapita, tukakaa tena. Mimi nikakalia lile lile.

Kutoka barabarani hadi shule ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Nilifika saa 1:34. Shuleni kwetu daftari la mahudhurio linakaa ofisini, na ikifika saa 1:30 unapigwa mstari kwa kalamu nyekundu na rula, umenyooka. Mwalimu mkuu hagombi, wala hakuulizi kitu. Unakuta mstari, unasaini chini yake, unaondoka. Nilisaini chini yake.

Darasa la tatu wakacheka nilipogeuka kuandika ubaoni. Nikauliza kuna nini. Kimya. Halafu mtoto mmoja wa mbele, baba yake ana dingidongi ya kupasulia mbao, akasema kwa huruma: "Madam, umekalia mbao mbichi."

Jioni mume wangu akasugua sketi kwa mafuta ya taa. Akanusa, akasema mti wenyewe haujamaliza wiki tangu uangushwe.

JUMANNE

Ukungu. Kutoka mlangoni sioni geti, na geti ni hatua saba.

Haisi ya Nyololo hakuna. Imekodiwa na watu wa msiba tangu usiku. Kosta ya kwanza ya Makambako inasemekana ipo njiani, na "ipo njiani" ya stendi yetu mnaijua. Nikatoka hadi barabara kuu, nikasimama na wenzangu watatu. Saa 11:30 kasoro kidogo likasimama Fuso la vibarua wa msituni. Nyapara akashusha kioo.

"Mwalimu, sisi tunaishia Sao Hill. Kama inakufaa, panda."

Kabini palikuwa na watu wanne tayari. Nikapanda nyuma, mkono wangu mmoja ukivutwa na mama mtu mzima ambaye sikuiona sura yake mpaka kulipopambazuka.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Njoo huku mbele, upepo unapita juu."

Kumbe nyuma ya Fuso kuna ukumbi wa heshima. Wamama wanakaa chini, migongo imeegemea kabini, turubai magotini. Vijana wanasimama katikati wameshika kamba. Mwisho kabisa, kwenye vumbi na baridi, wanakaa wageni wa kazi. Mapanga yamefungwa pamoja kwa mpira wa tairi. Misumeno ya mnyororo imevikwa magunia, makali ndani, na kila mmoja una mtu wake anayeubana kwa miguu. Harufu ni petroli, moshi wa kuni kwenye nguo, na uji. Kila mtu ana kidumu cha uji.

Lilipoanza kuondoka watu wawili walikuwa wanakimbia nyuma. Mmoja akadaka ubao wa nyuma, akavutwa kama mimi. Mwingine, kijana mwembamba mwenye panga, aliendelea kukimbia mpaka ukungu ukammeza. Nikatazama kabini nikidhani watasimama. Nyapara aligonga bati mara mbili, dereva akaongeza gia.

"Huyo leo hana kazi," mama akasema. "Saa 11:30 ni saa 11:30."

Nimekaa Mafinga miaka tisa na sikuwahi kuona gari linaloondoka kwa saa. Halimngojei mtu kwa sababu hakuna nauli ya kungojea. Mwenye mkataba wa kazi ndiye mwenye gari; kwake kibarua mmoja akikosekana, kipande chake cha kazi atapewa mwingine. Anayepoteza ni yule kijana kwenye ukungu.

Mama anapogolea. Yaani anakata matawi ya chini ya paini zikiwa bado changa ili mbao itoke bila mafundo. Nikamwambia mimi jana nimekalia fundo, akacheka mpaka akakohoa. Amekuwa akipanda magari ya hivi tangu msichana. Zamani alichuma chai, na mvua zikirudi huenda akachuma tena. "Saa hizi chai imelala. Baridi hii haichipui. Unakaa shambani unatazama majani na yenyewe yanakutazama." Kwa hiyo kiangazi yuko msituni, na anasema kiangazi ndiyo raha, kwa sababu barabara za ndani ni kavu. Masika Fuso likizama wanashuka wote wanasukuma, matope mpaka kiunoni, na muda wa kusukuma hauhesabiwi kwenye kipande.

"Na nauli?"

"Nauli hatulipi. Tunalipa usingizi." Anaamka saa 9 usiku, anapika, anatembea nusu saa hadi hapo barabarani.

Shamba la Sao Hill ndilo kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa Tanzania, na ukipita mchana ndani ya basi ni miti, miti, miti mpaka unasinzia. Nyuma ya Fuso alfajiri sikuona hata mmoja. Nilijua tumeingia kati yake pale upepo ulipokatika ghafla na matone ya ukungu yakaanza kutudondokea juu ya turubai, yale yanayokusanyika kwenye sindano za paini. Watu wote wakavuta kofia kwa pamoja bila kuambiana.

Niliposhuka njia panda, mama akanipa kidumu chake nigide mara mbili. Uji wa ulezi, bado wa moto. Kosta ya Makambako ikanikuta hapo hapo, kumbe kweli ilikuwa njiani.

Nimesaini saa 12:58, wa kwanza shule nzima. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama nimelala darasani.

JUMATANO

Nilikwenda tena kulingojea Fuso. Leo hawaendi Sao Hill, wanaingia njia nyingine. Nilichopata ni matembezi, kwa sababu bodaboda wa mtaani kwetu hakupokea simu na bajaji za Mafinga haziamki kabla ya jua.

Ukitembea saa hiyo ndipo unauona mji. Vijana wa viwanda vya mbao wanapita katikati ya barabara, makundi makundi, wakikwepa mbwa wa pembeni, makoti ya mitumba yamewafika magotini. Wengine wana baiskeli lakini wanazisukuma, wakiongea na wenzao. Kutoka upande wa kambi ya JKT nilisikia mchakamchaka, sauti za mamia ya vijana zikipanda na kushuka, wao tu ndio wanaosikika kama wamelala vya kutosha. Mbele yangu mama mmoja na ndoo ya maandazi kichwani, ameifunika kitambaa, mvuke unatoka pembeni. Nilimfuata huyo. Palipokuwa na giza zaidi niliufuata mvuke.

Hawa wote hawamo kwenye hesabu ya stendi. Mtu akiniuliza watu wa Mafinga wanaendaje kazini nitamwambia wengi wanakwenda kwa miguu, na hakuna anayewapigia debe.

Stendi haisi ilikuwa na abiria watatu. Nikachukua bodaboda mpaka shuleni, elfu kumi, na naomba mume wangu asisome hapa. Kijana amekata dumu la mafuta ya kula vipande viwili akavifunga kwenye usukani, mikono yake inaingia humo kama kuku kwenye kiota. Mimi nyuma sikuwa na dumu. Semi likikupita, kwanza linakusukuma pembeni, halafu linakuvuta kwake. Mara ya tatu nilifumba macho. Nilifika saa 1:05 nikiwa siwezi kushika chaki hadi kipindi cha pili.

ALHAMISI

Asubuhi: haisi, kuondoka 12:15, mstari mwekundu. Sina la kuongeza.

Jioni ndiyo shida ilikuwa. Saa 10:30 niko njia panda ya Nyololo, magari ya kwenda Mafinga yote yamejaa toka Makambako. Jua likashuka nyuma ya miti ya milingoti na baridi ikapanda kutoka chini, kwenye soli. Saa 12 kasoro semi likasimama lenyewe.

Nilisita. Tangu ajali ile ya Machi 2015 pale Changarawe, kontena la lori lilipoliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakafa, mimi na malori makubwa hatuangaliani. Lakini giza nalo si rafiki. Dereva alikuwa mtu mzima, kwenye dashibodi ana tasbihi na picha ya mtoto wa chekechea amevaa joho. Nikapanda ngazi tatu.

Amebeba shaba kutoka Kongo, anakwenda bandarini Dar. Nilimwambia mbona trela linaonekana tupu. Akacheka. Shaba inapangwa bapa chini, kimo kidogo tu, na tayari uzito umetimia. Ukijaza mpaka juu hufiki popote, mizani itakulaza. Kisheria gari lenye ekseli saba linaishia tani 56 pamoja na mzigo wake. Mizani ya Makambako ameipita sasa hivi, mkononi bado ana karatasi. Mlima mdogo tu ambao Vitz huupanda kwa gia ya tatu, sisi tuliupanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Akasema ametoka nyumbani siku kumi na tisa. Mimi nikamwambia nimetoka nyumbani saa kumi na tatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hata hizo ni nyingi, mwalimu."

Nilimpa buku mbili, nauli ya haisi. Alichukua moja.

IJUMAA

Leo nilimkamata.

Saa 11:15, haisi imejaa, bado mmoja. Nikasimama mlangoni bila kuingia, nikawatazama abiria mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Siti ya pili dirishani: mzula wa kijani na nyekundu.

"Wewe si ulifuata vocha Jumatatu?"

Gari zima likacheka, na wakacheka wengi kuliko ninavyopenda, maana waliocheka kwa sauti ndio walioanza kushuka.  Bodaboda wanaoota joto, mbeba mizigo, na mmoja anauza kahawa, birika lake alikuwa amelificha miguuni. Ndani tulibaki mama mmoja na mtoto mgongoni, na mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Suka akanifungulia mlango wa mbele. "Kaa hapa Madam, leo usikae kwenye kibao." Akanieleza huku akisogeza gari mbele hatua mbili na nyuma hatua mbili. Abiria hawapandi gari tupu. Wakiona tupu wanasimama pembeni wakingoja lijae, na kwa kuwa wote wanasimama pembeni, halijai. Ukiwawekea watu wanane ndani wanakuja wenyewe wakikimbia. Kwa hiyo anawapa wale vijana mia mbili mia mbili, au kahawa, wanakaa, wanapata joto, wanashuka taratibu.

"Na usiondoke na wachache?"

Akahesabu kwa vidole kwenye usukani. Wale wa siti za nyuma ni mafuta ya kwenda na kurudi. Wa katikati ni hesabu ya tajiri mwenye gari, jioni hasikilizi hadithi ya ukungu wala msiba. Wawili watatu ni mpigadebe na ushuru wa stendi. Tairi, breki na faini wanagawana waliobaki.

"Sasa ugali wangu na wa konda umekaa wapi?" Akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. Kwenye kibao.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu basi mpige randa kile kibao, akasema kishapigwa, tena kimevalishwa zulia. Nikageuka. Kweli, kipande cha zulia la bluu, kimepigiliwa misumari minne.

Tuliondoka saa 12:02. Njiani nilikimbia ile sehemu ya kutoka barabarani, mkoba kichwani, watoto wa shule wakikimbia na mimi wakidhani ni mchezo. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika rula. Akaisubirisha juu ya karatasi mpaka nilipomaliza kuandika jina.

JUMAMOSI

Sina kazi leo. Gia boksi imefika, Jumatatu lifti inarudi. Saa 2 asubuhi nilikwenda sokoni kununua dagaa na viazi, jua limetoka, nimevaa sweta moja tu. Nikapita stendi na kikapu changu.

Haisi ya Nyololo ipo, tupu. Kijana wa mzula alikuwa ameegemea mlango.

"Madam, shikamoo. Unaenda?"

"Siendi. Natoka sokoni."

Akatazama huku na huku. Pembeni, kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, wamesimama watu kama saba na mizigo yao, kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Basi kaa dakika mbili tu, Madam. Hapo dirishani. Wakiona mwalimu amekaa wanaamini."

Ningekuwa nimebeba nyama ningekataa. Nikakaa. Viazi nikaviweka miguuni, kikapu magotini, nikatazama mbele kama mtu mwenye safari. Konda akatupa kahawa, mimi na muuza viatu na mbeba mizigo mmoja. Suka akawasha injini, akasogea hatua mbili.

Baba mmoja mwenye gunia la mbolea akaja dirishani kwangu, akaniamini kabla sijafungua mdomo.

"Samahani mama, hili linaondoka sasa hivi? Bado wangapi?"

Nikameza kahawa.

"Bado mmoja," nikasema.